Kasa wa Mama Mdogo

Harufu ya mpira mpya ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa nimemnunulia binti yangu miwani ya kuogelea, na nilipochana pakiti yake harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimesimama sebuleni kwangu natabasamu peke yangu. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa darasa la tatu, nyumbani kwetu Musoma, siku Mama Mdogo Pendo alipofungua begi lake juu ya kitanda chetu na kutoa kitu ambacho hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kukiona. Ilikuwa miwani ya kioo kimoja kipana, inayofunika macho pamoja na pua, na pembeni yake mrija mweusi uliopinda kama mpini wa mwavuli. Akanivalisha. Kwa dakika chache sikusikia harufu ya dagaa, na ninyi mliokulia Musoma mnajua hilo si jambo dogo.

Mama Mdogo Pendo alikuwa mdogo wake mama yangu, kitinda mimba kwao. Alikuwa amerudi kutoka Zanzibar alikofanya kazi hotelini, mwanzoni kufua mashuka, baadaye kuwasindikiza wageni baharini. Hoteli ilikuwa imefungwa kwa ukarabati, akaja kwetu kungoja. Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika. Sisi tulisema "nilikuwaga" na "anakujaga", yeye alitamka maneno kama anayepanga vyombo kabatini, nasi watoto tukawa tunamwigiza nyuma ya nyumba.

Jioni yeye na Mama walikaa uani wakichambua mchele, na mimi nilipenda kujibanza mlangoni. Siku moja nilifika mazungumzo yakiwa katikati. Mama Mdogo alikuwa anasema kwamba kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anaogelea na Kasa. Mama akamuuliza kama hakuwa anamwogopa. Akasema siku ya kwanza aliogopa, lakini Kasa hana ubaya na mtu, wala hana haraka. Anakuja taratibu, anakutazama usoni, anazunguka kidogo, kisha anakwenda zake. Alipokuwa anasema hayo sauti yake ililegea, na mimi nikajua moja kwa moja kwamba Mama Mdogo ana mchumba.

Sikuona sababu ya kufikiri vinginevyo. Kwetu watu wanaitwa Masatu, Mafuru, Magesa, Manyama, na Kasa lilikuwa jina tu kama mengine. Nikamtengeneza kichwani: mrefu, mpole, shati jeupe, hapendi kupiga kelele. Siku zilizofuata nikaendelea kukusanya habari zake, na kila habari ilinitia wasiwasi zaidi. Nilisikia kwamba Kasa ana umri mkubwa sana, huenda anamzidi hata Bibi. Nilisikia kwamba hana meno hata moja, kwa hiyo kazi yake ni kutafuna majani. Nikamwangalia Mama Mdogo anavyosuka nywele zake vizuri, anavyopaka mafuta miguuni, nikamsikitikia mpaka nikakosa raha.

Likizo ilipofika nilipelekwa kwa Bibi, Kiriba, na huko nikamweleza yote. Bibi alisikiliza bila kuacha kupepeta mtama. Swali lake lilikuwa moja tu, kama huyo Kasa ana ng'ombe. Nikamjibu kwamba sidhani, kwa sababu anashinda baharini. Bibi akatikisa kichwa, akasema watu wa namna hiyo waje wajitambulishe kwanza. Salamu hiyo ilibebwa na jirani aliyekuwa anakwenda mjini, na ilipomfikia Mama ilikuwa imefupishwa ikawa "Bibi anauliza habari za ng'ombe." Mama akadhani mkwe wa mtu fulani anadaiwa mahari, akaiacha.

Jambo ambalo hatukulizungumza nyumbani lilikuwa ziwa lenyewe. Mama aliuza dagaa na sato katika soko la Mwigobero, akishinda hatua chache kutoka mitumbwi inapotia nanga, lakini sikuwahi kuona maji yakimpita kifundo cha mguu. Babu alizama ziwani Mama akiwa na umri kama wangu. Mtumbwi wake ulipatikana. Yeye hakupatikana. Kwa sababu hiyo mimi nilikatazwa kuogelea, na wenzangu walipojifunza kupiga mbizi mimi nilikaa juu ya jiwe nikilinda nguo zao. Nilizikunja vizuri, nikazipanga, huku mwili wote unanichoma kwa hamu.

Kisha hoteli ya Zanzibar ikapiga simu. Ukarabati ulikuwa unakaribia kuisha, wafanyakazi wanatakiwa. Nilimsikia Mama Mdogo akimwambia Mama kwamba akirudi, kitu cha kwanza atakachofanya ni kwenda kumwona Kasa. Mama alikuwa amezoea kuwa na mdogo wake ndani ya nyumba, maana Baba alikuwa dereva wa lori na tulimwona kwa msimu kama mvua. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya choo, nikalia.

Aliyebadilisha mambo ni Bwana Sadiki, mfanyabiashara wa Bunda mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alizaliwa Guta, akakua anaangalia maji, na alipofanikiwa hakujenga ghorofa kama wenzake, alinunua boti. Ilikuwa boti ya mwendo kasi, nyeupe, yenye mstari mwekundu ubavuni na mashine mbili nyeusi nyuma. Wazo lake lilikuwa kwamba wageni wanaopita Bunda kwenda kuangalia simba wangekubali kukaa siku moja zaidi kama ziwani kungekuwa na cha kuwaonyesha. Wavuvi walikuwa wamemwambia kwamba karibu na visiwa vya mawe kobe wa majini hunasa kwenye nyavu zao, nao huwarudisha. Mtu akamwambia kwamba mjini Musoma yupo dada mmoja aliyewahi kupeleka wageni kupiga mbizi Zanzibar. Akaja kwetu kumtafuta, amevaa kofia ya kufuma na shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kochi akiwa ameshika funguo za boti kama mtu anayeogopa zisije zikaibiwa.

Makubaliano yalikuwa rahisi. Waende siku moja kujaribu. Wakiwapata kobe, Mama Mdogo angeajiriwa Musoma na kubaki. Wasipowapata, boti ingebeba abiria wa vijijini kama boti nyingine, na yeye angerudi Zanzibar. Bwana Sadiki akasema aje na familia yake, anataka kuona mtoto anajisikiaje ndani ya boti, na mtu mwoga naye anajisikiaje. Mama alisema hatakwenda. Asubuhi ya safari alisema tena hatakwenda, huku anafunga kilemba. Mdogo wake hakuwa mtu wa kuachwa ziwani na mwanamume ambaye hata kwao hajapajua. Aliniambia nitakaa kwenye boti, nitatulia, sitagusa maji. Nikaitikia kila kitu.

Mwigobero yote ilitutazama tukipanda. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walimwita Mama kwa jina, wakamuuliza anahamia wapi. Mama aliendelea kukaza kamba za laifu jaketi langu mpaka nikashindwa kupumua. Bwana Sadiki akawasha mashine. Nilikuwa nimewahi kupanda mtumbwi, chombo kinachonyata na kuvuja, lakini hii ilikuwa habari nyingine. Pua ya boti ikainuka hata sikuliona ziwa, niliona mbingu peke yake, kisha ikatua na tukaanza kuyapiga mawimbi, pa, pa, pa, tumbo likinipanda mpaka kifuani na kurudi. Upepo uliniingia mdomoni nikashindwa kuufunga. Maji yalirukia usoni, ya baridi, yenye ladha ya majani na petroli. Nyumba za Musoma zikawa ndogo, mawe makubwa ya ufukweni yakawa kokoto, na mimi nilikuwa nacheka bila kujua ninacheka nini. Mama alikuwa amefumba macho, ameshikilia chuma cha pembeni kwa mikono miwili, midomo inacheza. Alikuwa anasali.

Tulipofika kwenye kisiwa cha mawe Bwana Sadiki alipunguza mwendo. Kilikuwa kisiwa kisicho na mtu, mawe yamebebana, ndege weusi waitwao mnandi wamekaa juu wakikausha mabawa. Maji yalikuwa safi, hakuna matete wala tope, na Bwana Sadiki alimhakikishia Mama kwamba mamba hawakai sehemu kama hiyo, alishauliza kila mvuvi. Kisha akarudia kwa Mama Mdogo yale masharti yao, kwamba leo ndiyo leo, akipatikana kobe atabaki, asipopatikana basi.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikauliza, "Kwa hiyo kobe asipopatikana, Mama Mdogo anaenda kuolewa na Kasa?"

Mama akafumbua macho. "Kasa gani?"

"Yule mzee wa Zanzibar. Asiyekuwa na meno."

Walitazamana wote watatu. Mama Mdogo ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa kiganja. Akanivuta karibu, akanieleza kwamba kasa ni kobe mkubwa wa baharini, mkubwa kama meza yetu ya chakula, mwenye miguu kama makasia, na kwamba watu huogelea naye kwa sababu hamdhuru mtu. Nilisikia joto la aibu masikioni, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha iliyonifanya nitake kuruka. Hakuna mchumba. Hakuna mzee. Na kumbe inawezekana mtu akaogelea na kobe.

Mama naye alikuwa amekumbuka kitu. "Ndiyo maana bibi yako aliuliza ng'ombe," alisema, na hapo akacheka kicheko chake kikubwa cha sokoni, na mikono yake ikaachia chuma. Bwana Sadiki akasema basi tumtafute huyo bwana harusi, kwa kuwa hana mahari.

Mama Mdogo akavaa miwani, akauma mrija, akajitosa kinyumenyume. Alielea kifudifudi akizunguka mawe, mrija wake ukitoa sauti ya mtu anayekoroma. Baada ya muda akainua kichwa kusema kwamba maji ni mazuri sana na furu, vile visamaki vya ziwani, ni wengi, wa kila rangi. Bwana Sadiki akanywea. Akasema furu wanauzwa kwa mafungu pale sokoni, mgeni hawezi kutoka Ulaya kuja kuangalia furu. Mama Mdogo alivuta pumzi, akazama, miguu yake ikapiga maji mara moja ikatoweka nyuma ya jiwe kubwa.

Tulingoja. Maji yalijifunga juu yake, yakatulia. Mimi nilikuwa naangalia mnandi, sikuona kitu cha kutisha, mpaka boti ilipoyumba kwa sababu Mama amesimama. Aliita jina la mdogo wake kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula. Akaita tena kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada ya hapo. Bwana Sadiki alikuwa ameanza kuvua viatu Mama Mdogo alipoibuka upande wa pili wa jiwe, anatema maji, anafurahi, hajui lolote.

"Panda ndani twende nyumbani," Mama alisema.

"Dada, nilikuwa nachungulia chini ya jiwe tu."

"Nimesema panda."

Mama Mdogo aliogelea mpaka kwenye boti lakini hakupanda. Alishika ubavu wake, akavua miwani. Alisema, "Mimi baba simkumbuki. Sura yake naijua kwa kuambiwa. Ninachokumbuka ni kwamba tangu hapo tulikatazwa maji, na mimi niliyataka."

"Wewe ulikuwa mgongoni kwangu," Mama alisema. "Aliyesimama pale ufukweni ni mimi. Walirudi na mtumbwi wakaufunga, na mimi nikaendelea kusimama, nikidhani yeye anakuja kwa miguu."

Bwana Sadiki aligeukia mashine zake, akainama, akajifanya anakagua waya. Mawimbi madogo yalikuwa yanagonga ubavu wa boti.

"Sasa na huyu mtoto tumfundishe kusimama ufukweni?" Mama Mdogo aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu.

Mama akanitazama. Akainyoosha kola ya gauni langu ambayo ilikuwa imenyooka tayari. "Unataka kuingia?"

Nilikuwa nimeshaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

"Mkono wako nitaushika mimi," alisema.

Nyuma ya boti kulikuwa na ngazi fupi. Mama alikaa juu yake, miguu yake majini mpaka kwenye magoti, akanishika mkono wa kushoto kwa nguvu ambazo zilibaki zimenichora hadi jioni. Mama Mdogo alinipokea chini, akanivalisha miwani, akanifundisha kuuma mrija na kupumua polepole kwa mdomo. Maji yalinikumbatia tumbo nikashtuka kwa baridi. Nikainamisha uso.

Naomba mnielewe, furu niliyemjua mimi alikuwa wa kijivu, mkavu, amejikunja ndani ya beseni la Mama. Wale niliowaona walikuwa bluu kama moto wa jiko la gesi, wengine wekundu tumboni na weusi mgongoni, wengine njano yenye mistari. Walining'inia katikati ya maji kama wamefungwa kwa nyuzi, na mwanga wa jua uliteremka katikati yao kwa mistari inayotembea, ukapaka mawe, ukafika chini kabisa kwenye mchanga nilikoweza kuona kivuli changu mwenyewe kimetandaza mikono. Nilisahau kupumua, nikakumbuka, nikasahau tena. Wawili walikuja kunichungulia kwenye kioo, wakiwa wamekunja uso kama walimu.

Ndipo jiwe moja chini likatoa shingo.

Lilikuwa jiwe la ukubwa wa sahani ya wali, rangi ya kahawia iliyokolea. Shingo ilitoka upande, ikapinda, kikaonekana kichwa kidogo chenye macho mawili yaliyokaa mbele, kinaniangalia bila haraka yoyote. Kisha miguu ikatoka, minne, na jiwe likajinyanyua kutoka mchangani likaanza kuogelea. Lilipita chini ya tumbo langu. Niliona linavyosukuma maji, mguu huu na mguu ule, kama mtoto anayejifunza kutambaa hewani. Nilipiga kelele ndani ya mrija, na sauti iliyotoka huko juu, waliniambia baadaye, ilikuwa ya ndama.

Mama alininyanyua kwa mkono mmoja kama kuku, akaniketisha ngazini kando yake. Nilikuwa nakohoa na kucheka. "Yupo," nilisema. "Mama, yupo, amepita hapa, ameniangalia." Mama Mdogo alikuwa ameshainamisha uso bila miwani, akainua kidole gumba juu ya maji, halafu akainua na cha pili. Walikuwa wawili. Bwana Sadiki alivua kofia yake, akaivaa tena, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, kisha akaanza kutuuliza wako wapi, upande gani, wamekaaje, akiinama mpaka nikaogopa ataanguka.

Mama alikuwa bado amekaa kwenye ngazi. Alinivua miwani taratibu, akaipangusa kwa ncha ya kanga. Nilidhani anaiweka ndani. Badala yake alifungua kilemba, akanipa nikishike. "Nionyesheni inavaliwaje," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mama Mdogo alimkaza mpira nyuma ya kichwa, akampa mrija auume, akamshika kiuno. Mama akanipa mkono wake, yaani safari hii mimi ndiye nimshike, akashuka ngazi ya mwisho, maji yakamfika kifuani. Alivuta pumzi kama mtu anayekwenda kunyanyua gunia. Akainamisha uso, akautoa haraka, amepaliwa. Akajaribu tena, akautoa. Mara ya tatu hakuutoa. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao, vidole vyake vimekaza vyangu. Kisha nikasikia vidole vinalegea, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono wake ukawa umelala tu ndani ya wangu.

Alikaa humo muda mrefu kuliko sisi wote. Alipoinuka, maji yakimtiririka usoni, hakusema habari ya kobe wala ya furu.

"Kuna mwanga," alisema. "Miaka yote hii nilijua huko chini ni giza. Kumbe jua linafika."

Mama Mdogo aliegemeza kichwa chake begani kwa dada yake, wakabaki hivyo, nusu ndani ya maji, huku Bwana Sadiki akitazama kwa bidii upande wa Ukerewe.

Tulirudi kwa kasi ile ile, ila safari hii Mama alikaa mbele, kichwa wazi, nywele zimelowa, na boti iliporuka wimbi kubwa alitoa mlio wa msichana. Pale Mwigobero wanawake walimuuliza kama amezama. Akawaambia amekwenda kuangalia samaki wakiwa hai, wakadhani anawatania. Mama Mdogo alipata kazi yake. Kwa misimu kadhaa wageni walitoka Bunda kuja kulaza nyuso zao majini juu ya mawe yale, na furu ndio waliowapendeza kuliko wote, jambo ambalo Bwana Sadiki hakuwahi kulielewa. Baadaye boti iliuzwa, na Mama Mdogo akaolewa huko huko Bunda na mwanamume kijana mwenye ng'ombe wa kutosha. Bibi aliwakagua mwenyewe.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuja Jumapili iliyofuata. Tulitoka kanisani, na badala ya kukata kushoto kwenda nyumbani Mama akanyoosha mpaka ufukweni, sehemu yenye mchanga ambapo wanawake huosha vyombo. Alikuwa amebeba gauni kuukuu kwenye mfuko. Alibadilisha nguo nyuma ya jiwe, akaingia mpaka magotini, akasimama. Akaingia mpaka kiunoni. Wanawake waliacha masufuria. Mama Mdogo akamwambia alale chali na aachie. Mama akauliza aachie nini, akaambiwa kila kitu. Akajilaza. Maji yakaingia masikioni, uso ukabaki juu, macho yakitazama mawingu, na huko mbele vidole vya miguu vikachomoza. Mama Mdogo aliondoa mikono yake chini ya mgongo wa Mama, mmoja, kisha wa pili, akarudi nyuma. Nikaanza kuruka pale ufukweni nikimwambia kwa sauti kwamba anaelea, hakuna mtu aliyemshika, anaelea mwenyewe. Hakunisikia. Masikio yake yalikuwa ndani ya maji.